Mkono wa Mwashi na Kipanya

Palma, Alhamisi. Mvua imekatika alfajiri, matope kila mahali, na mimi nina furaha nisiyojua niiweke wapi.

Nikiri kwanza: jana nilitaka kuacha kozi.

Mimi ni mwashi. Miaka ishirini najenga nyumba, kuanzia hapa mpaka Olumbi. Tangu gesi ionekane huko baharini, wakandarasi wanakuja kwa wingi, na kila mmoja anauliza kama unajua kuchora kwenye kompyuta. Nikajiandikisha kozi ya kuchora. Tuko tisa, wanane ni vijana. Mwalimu wetu, Fatima, ni rika la binti yangu Amina.

Ukuta naujua. Kilichonishinda ni rato, kile kipanya cha kompyuta. Mkono uliozoea mwiko unakibana kana kwamba kitakimbia. Nikitaka kubonyeza mara moja, nabonyeza mara tatu.

Jana nilichora chumba kizima. Nikataka kufuta mlango tu. Nikaburuta kipanya, nikafuta, kuta tatu zikaondoka nao. Nikahangaika na kigurudumu cha katikati, kioo kikabaki cheusi tupu. Rehema, msichana wa kijiji cha Mute anayekaa nyuma yangu, akacheka. Nikatoka bila kuaga.

Nyumbani nikamwambia mke wangu sirudi tena. Alikuwa anakuna nazi, hata hakuinua kichwa.

"Baba Amina, ule ukuta wa jikoni kwangu uliujenga mara ngapi?"

Mara mbili; wa kwanza ulipinda.

Leo niliwahi kabla ya wenzangu, nikamwomba Fatima radhi. Akavuta kiti, akafungua mchoro wangu, alikuwa ameuhifadhi.

"Mestre Saidi," akasema, maana mafundi hapa ndivyo tunavyoitwa, "bonyeza kigurudumu mara mbili, haraka."

Nikabonyeza. Mchoro ukatokea, na ule ukuta mmoja uliosalia. Kumbe nilikuwa nimeusogelea mchoro mno.

"Ukiburuta kutoka kushoto kwenda kulia," akasema, "unachukua kilichomo ndani tu. Ukianzia kulia, unachukua kila unachokigusa."

Nilikuwa naanzia kulia!

Kabla ya adhuhuri kuta zote tatu zilikuwa zimesimama. Rehema akaja kuangalia, nami nikaangalia mchoro wake. Ukuta wa nje, sentimita tano.

"Mwanangu, ukuta huu, mbuzi akijikuna hapo tu, umelala chini."

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kisha akaniambia, kwa adabu, "Usikibane hivyo kipanya, baba. Laza kiganja mezani." Nikalaza. Mshale ukatulia.

Wakati wa kutoka, Fatima akaniomba Jumatatu nisimame mbele, nilieleze darasa habari za msingi na unene wa kuta. Nikaitikia kabla sijafikiri.

Sijawahi kusimama mbele ya ubao maishani mwangu. Nitasema nini?

Nitaanza na salamu. Mengine yatajileta.