Leo Mama Zaituni Amesikia Karafuu

Mama mpenzi, shikamoo.

Kigali imeamka na mvua. Nimefikia kwa Mama Zaituni, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo. Babu yake alikuwa mchuuzi kutoka pwani, aliyekuja na mafuta ya karafuu yakawa dawa ya maumivu ya meno kwa mtaa mzima. Tangu Mama Zaituni augue mafua makali, naye kama wewe hasikii harufu. Kila asubuhi, ili kuizoesha pua upya, hunusa kichupa cha mafuta hayo, kisha cha mchaichai, hakati tamaa.

Leo aliacha kushona akaniita kwa sauti: "Kuja! Iko karafuu! Nasikia karafuu!" Tukalia, tukacheka.

Nakuletea vichupa viwili, Mama. Inshallah pilau yako utaisikia tena ikiwa bado jikoni.

Mwanao akupendaye,
Rehema