Siku Niliyochomoa Waya

Mwanangu,

Bega limepona, nimerudi kazini. Bati la jikoni bado linavuja.

Sasa nabeba mizigo kwenye maabara ya daktari mmoja, daktari wa vitu, si wa watu. Juzi nilikuwa nahamisha meza, nikachomoa waya bila kuuliza. Kumbe alikuwa ametia alama zake kwenye kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, kilichofungwa kwenye waya ule, kazi ya miaka miwili. Nikamwendea mwenyewe.

"Daktari, nifukuze tu. Nimeshazifuta."

Akacheka. "Mzee, huna ubavu huo. Njoo uone."

Akarudisha waya. Alama zote zikatokea kwenye kioo cha kompyuta, haikupotea hata moja. Anasema kipande kile ukikigusisha umeme mara moja, kinageuka kwa ndani, na kinabaki hivyo hata ukiuzima. Tena akikisogezea sumaku, umeme wake nao unabadilika! Kisha akaniwekea kiganjani. Hakina joto, hakina sauti, utasema kokoto tu. Nimebeba mawe miaka thelathini, sijawahi kuogopa jiwe namna ile.

Siku tuliyomzika mama yako ulisema mimi ni jiwe, sikulia, nimeshamsahau. Mwaka wa nne huu hujaja nyumbani.

Maneno sina, unanijua. Lakini kikombe chake kipo palepale alipokiacha dirishani, na kila asubuhi bado nachemsha chai ya watu wawili.

Njoo uone.

Ni mimi,
Baba yako