Kijumba Kilichoegeshwa Uani

Iyunga, Mbeya
12 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Na shikamoo pia, maana najua ukisalimiwa kwa Kihehe peke yake unasema nimekupunja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mpunga wako umeshaingia ndani kabla ndege hawajajigawia. Sisi huku hatujambo, ila baridi imetushika hasa. Mlima Loleza hauonekani mpaka saa nne asubuhi, na Goodness anazunguka ndani na soksi mbili mbili kila mguu. Anakusalimu sana. Picha yako ya ukutani anaiita bibi wa gari, na baba yake, Isakwisa, akimwambia kwamba bibi anaishi Idodi, anabisha.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Usikasirike, mama, ni kweli. Nikifika katikati ya jambo unaniuliza kama nimekula, na nikimaliza kujibu, salio limekwisha na jambo limebaki palepale. Barua hii itakufikia kwa mkono wa katekista Silvester. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu lolote, hasa wale mama wa jumuiya.

Nianze na lililo zito. Daktari amesema nilale. Mimba imetimiza miezi sita na ameona dalili zilezile za ile ya kwanza, ile tuliyoipoteza kabla ya Goodness. Amesema nisiinue hata birika, nisimbebe mtoto, nilale mpaka siku ya kujifungua, na awepo mtu mzima wa kukaa nami mchana kutwa. Isakwisa anajitahidi, anapika ugali wa kushangaza, lakini lazima aende kazini. Mama, naogopa. Nikijigeuza kitandani naogopa, nikikohoa naogopa. Nakutaka wewe, simtaki mtu mwingine.

Nilipokuambia kwenye simu ulisema utakuja, halafu ukaniuliza utalala wapi safari hii, kwa kuwa lile gari la mteja ulilolala mara ile bila shaka lilishachukuliwa. Nikakujibu kwamba tutaona. Jibu kamili ndilo hili ninaloliandika, na ni refu kidogo.

Uliwahi kuniuliza mtu mwenye nyumba tatu anatafuta nini kwenye nyumba ya nne yenye matairi. Nilicheka tu siku ile. Sasa nina muda, nimelala, nakuambia.

Karakana yetu unaijua, ile ya Crispin, yenye bati la bluu, ukitokea barabara kuu unaipita kabla hujajua umeipita. Tuko watu sita. Crispin anachora, Isakwisa ndiye fundi wa mbao na paa, mimi nashona magodoro, mito na mapazia, na wengine watatu wanashughulika na umeme, maji na chuma. Kwa mwaka tunatoa magari matatu ya kulala na kuishi ndani, yakizidi sana manne. Walikuja mabwana kutoka Dar, wamevaa viatu ambavyo matope yetu yalivionea huruma, wakamtaka Crispin atoe kumi kwa mwezi. Aliwapa chai na maandazi, akawaambia hawezi kuwauliza watu kumi swali lake kwa mwezi mmoja wakamjibu ukweli.

Swali lenyewe ndilo linalowaleta wateja, mimi naamini hivyo. Mteja akija, Crispin haanzi na injini wala rangi. Anatandaza boksi sakafuni, anamwomba mtu alale chali jinsi anavyolala kwake, awe mkurugenzi awe nani, kisha anampitishia chaki kuuzunguka mwili wote. Wakati mtu yuko pale chini amefumba macho, anaulizwa akiamka asubuhi angependa aone nini kwanza. Basi. Wengine wanacheka, wengine wanajibu kwa sauti ya chini hata randa ya Isakwisa inasimama naye anasikiliza. Yupo mzee aliyelia. Ukishajibu, dirisha la kitandani linakatwa kwa ajili ya jibu lako, na gari zima linajengwa kulizunguka dirisha hilo.

Walikuja Mzee Halfani na Bi Zuena, waliouza vitenge Mwanjelwa miaka thelathini. Watoto wao wamesambaa Songea, Dodoma na Iringa, na Bi Zuena alisema amechoka kuamka chini ya mapazia ya wakamwana, akitafuta sukari kwenye makabati ambayo hakuyapanga yeye. Anataka kumtembelea mwanawe na kitanda chake, chupa yake ya chai na mahali pa kutandika mswala wake. Mzee akasema yeye anataka kuamka aone ziwa. Bi Zuena akiwa amelala palepale kwenye boksi akasema yeye hataki kuona kitu chochote kinachohitaji kufagiliwa. Crispin akaenda akafikiri siku tatu, akamkatia Bi Zuena dirisha darini. Sasa anaamka na mbingu. Alinipigia kutoka Songea kuniambia ameliona wingu lenye umbo la kuku, na wala halikuacha kinyesi.

Nakuambia haya ili ujue kwamba hawanunui gari, mama. Wananunua ile asubuhi. Nami nikishona huwa najisahau, nikiona asubuhi za watu zinapita mbele ya sindano yangu moja moja, ya Kyela, ya Matema, ya mashamba ya Madibira, hadi cherehani inajiendea yenyewe nami siko Iyunga tena.

Sasa nifike kwako. Unakumbuka mwaka juzi nilipokaribia kumzaa Goodness, ulivyoniambia kwamba utakuja mchana urudi jioni, kana kwamba Idodi ni hapo Uyole. Bibi alikufunza kwamba mama halali chini ya paa la mkwe. Uani ataketi, chakula atakula, mtoto atamwogesha, lakini paa hapana. Nilibembeleza, nikamtuma paroko, nikamtuma hata kaka Kalinga ambaye unamsikiliza kuliko paroko. Ukakataa. Na Isakwisa hakukulaumu. Kwao Unyakyusa wana miiko ya ukwe ambayo yetu ikiiona inaweza kukimbia.

Ndipo nikakuambia kwamba karakana ina gari la mteja ambaye hajalifuata, na Crispin ameturuhusu kuliegesha uani kwetu, hivyo utalala kwenye mali ya mtu mwingine kabisa. Ukaja. Ukalala humo siku arobaini. Ukakiita kijumba. Kila asubuhi nilikuona ukishuka ngazi ile ndogo na kanga yako ya bluu, ukungu umekufika magotini, ukija jikoni kuniwekea maji ya moto, na nilikuwa nadhani naota. Zile ndizo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na nilikuwa nikikudanganya katika kila moja.

Ulikaribia kunikamata. Ulisema mteja huyo lazima ni mfupi kama wewe, maana kitanda kimekutosha miguuni bila kubakiza. Ulisema meza ya jikoni iko pale mkono unapotaka iwe, mgongo hukuuma hata siku moja. Ukasema mtu huyo ana bahati, dirisha lake la kitandani linatazama mlango wa jiko, akiamka tu anajua kama moto umeshawashwa na nani kaamka. Mimi nikainama kumfunga Goodness nepi ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Mama, hakuna mteja. Hajawahi kuwepo. Kijumba kile alikijenga Isakwisa kwa mikono yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka miwili kabla hata mimba ya Goodness haijaingia. Tulipoipoteza ile ya kwanza nililia nikikuita, nawe ulikuwa umefika mchana ukaondoka na basi la jioni kwa sababu ya paa. Isakwisa aliyaona yote hayo. Jumamosi iliyofuata alikwenda karakana, akamwomba Crispin lile basi dogo bovu lililokuwa linaota majani nyuma, akaanza.

Nilimwambia akupime kama wateja wengine. Akanitazama kama nimetukana. Amlaze mama mkwe kwenye boksi amzungushie chaki! Basi unakumbuka ile Pasaka aliyokuja Idodi, akakuomba jembe akalime, na wanawake wote wakacheka kwamba mkwe wa Mbeya amechanganyikiwa na jua? Hakuwa analima. Alipima mpini wako kwa mkono, kutoka chini hadi pale palipolika kwa vidole vyako, akajua meza yako iwe na kimo gani. Kitanda alikipima kwa mkeka wako ulioanikwa uani. Halafu akaniuliza mimi lile swali, maana kwako asingethubutu. Nikamjibu bila kufikiri kwamba mama yangu akiamka anatazama jiko kwanza.

Kwa hiyo ulilala chini ya paa la mkwe wako usiku arobaini, na najua umewatangazia jumuiya nzima kwamba ulikwenda Mbeya ukarudi bila kulala kwa mkwe hata usiku mmoja. Najua Mama Joachim alikusifu mbele ya watu kwamba wewe ndiye uliyebaki unayeshika mila. Nikiwaza hilo uso unaniwaka hapa nilipo. Nisamehe. Uongo ni wangu, yeye alitaka nikuambie tangu mwanzo, akasema ukikataa basi kijumba kitakungoja hadi uzeeke ukubali. Mimi ndiye niliyeogopa kungoja.

Na lipo jingine, limalizike lote. Ile nakala ya kitambulisho chako uliyonipa ukidhani ni ya kusajili laini ya simu, laini tuliisajili kweli, lakini nakala nyingine ilikwenda kwenye kadi ya gari. Kijumba kina jina lako, Apolonia, tangu siku ya kwanza. Mwaka jana Sosthenes wa Madibira, yule mwenye mashamba makubwa ya mpunga, alikuja kuagiza lake. Alilala kwenye boksi, akasema anataka aamke aone maji yakiingia shambani, akaambiwa angoje miezi minane. Akitoka akakiona kijumba chako, akapanda, akakaa kitandani miguu ikining'inia nje, akasema atalipa chochote apewe hicho leo leo. Isakwisa alimwambia hakiwezi kuuzwa, mwenyewe yuko Idodi. Sosthenes akauliza mwenyewe ni nani, mkubwa gani huyo. Isakwisa akajibu kwamba ni mama yake mkwe, na hapo akavua kofia, mama, kana kwamba umeingia mlangoni.

Nikuambie la mwisho ambalo hata yeye hajui kwamba nalijua. Alipokipeleka Iringa kukijaribu barabarani, ukungu ulimfungia Makambako, akashindwa kuendelea mpaka asubuhi. Unaijua baridi ya Makambako. Shedrack, fundi umeme wetu aliyekuwa naye, ndiye aliyenisimulia. Shedrack alijilaza kwenye kiti cha dereva na blanketi, na Isakwisa akatandika boksi chini, nje, kati ya matairi, akalala hapo. Alipoulizwa kwa nini, na kitanda kipo ndani na godoro jipya, alisema hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake.

Sitaki kujificha nyuma ya kadi, mama. Sijui paa ni la nani, la aliyeandikwa jina au la aliyepigilia misumari. Bibi angejua, nami bibi simwoni tena. Wewe ndiye utakayeamua, na ukiamua ni la mkwe na huji, nitalia, lakini sitakudanganya tena.

Mchana huu nimelala ndani ya kijumba ninapoandika. Isakwisa alinibeba akanileta nipate jua la dirishani. Mawingu yanapita juu ya jiko, na nikiyatazama sana naona kama sisi ndio tunaokwenda, mimi na huyu wa tumboni, polepole, tunateremka kuja kwako. Mtoto anacheza sana nikiwa humu. Nadhani amekisikia kitanda chako.

Kesho dada Gloria wa jirani atashinda na kulala nami, na Isakwisa ataondoka na kijumba alfajiri. Atafika Idodi jioni, atakiegesha kwenye uwanja wa kanisa, wala hatakusogelea nyumbani kwako bila ruhusa. Atamkabidhi Silvester barua hii akuletee, naye Isakwisa atangoja palepale mpaka uimalize. Usihangaike kumwandikia jibu, wala usimtume mtu na maneno, mnajua wenyewe mnavyoonea haya kusemezana. Ukiwa bado na hasira, mwache alale, asubuhi atageuza arudi, na hatakuwa na kinyongo nawe. Boksi lake analo.

Msalimie kaka Kalinga, wasalimie wanawe, umsalimie na Mama Joachim kadiri utakavyoona inafaa. Nimemwomba Gloria anilimie kipande kidogo cha mboga nyuma ya jiko, majembe ya hapa yote yana mipini mirefu. Kama unakuja, mama, mpe Silvester jembe lako alitangulize kwa Isakwisa.

Ni mimi mwanao, mwenye kukuhitaji,
Veneranda