Mawese Kwenye Injini

Mama,

Mwakeye. Nimekusalimu kwa Kiha, mengine naandika kwa Kiswahili cha shule, kile ulichopenda nikusomee kwa sauti hata pale usipoelewa yote. Lori limesimama mbele ya ghala la kijiji. Wanaume wanatafuta magogo ya kuisukumia mashine juu, kwa hiyo naandika haraka, uuvumilie mwandiko.

Wanatunyang'anya mashine ya kusaga, Mama. Ile uliyoidai mkutanoni tulipokuwa ndiyo kwanza tumehamishiwa hapa Kumsenga, ukawauliza wakubwa kwa nini kila kitu cha chuma kinaishia Kigoma mjini, kwani sisi wa huku juu hatuli ugali? Watu walicheka, Baba akainamisha kichwa. Lakini ililetwa. Uliwahi kusaga debe moja tu la mahindi, ukanipaka unga wa moto shavuni, ukasema bega lako sasa limestaafu kutwanga. Mvua zilipoanza ukatutangulia. Sijazoea.

Ulipoondoka, Baba alijitolea kuiangalia mashine. Nadhani alikuwa anakuangalia wewe. Fundi aliyekuja kuifunga alituambia, "Mafuta yasipungue," akapanda gari lake na hatukumwona tena. Dizeli Baba aliijua, inaingia juu. Yale ya chini, ya kulainisha vyuma, yalipopungua akatia amavuta anayoyajua yeye, mawese safi, haya haya tunayoungia maharage. Mashine ikazunguka, watu wakasaga, Baba akatamba. Kumbe mawese na baridi ya huku kwetu havipatani. Usiku yaliganda, na asubuhi alipoiwasha ikakohoa, ikakwama, ikanuka kama jiko la msiba.

Juzi alikuja Ndugu mmoja wa mkoani pamoja na fundi mwingine. Wakaifungua, wakanusa, wakatazamana. Yule Ndugu akatangaza mbele ya kijiji kizima kwamba mashine itahamia Kasulu, kwa watu wanaojua oili ni nini. Macho yote yakamgeukia Nestori, yule jirani yetu mkimbizi kutoka Burundi anayemsaidia Baba kuiwasha. Mtu akasema, "Si ni hawa wageni?" Mimi nilijua ni nani, Mama, na Baba alikuwa bado amekaa.

Kisha akasimama. "Ni mimi, Ndugu. Mlisema mafuta. Mafuta yetu ndiyo haya. Mngetuachia mtu wa kutufundisha, ningemuuliza." Hakuna aliyecheka. Yule Ndugu akajikuna shingo, akasema basi, itakwenda Kasulu kutengenezwa, na kijiji kitoe mtu wa kwenda kujifunza. Asipopatikana, itabaki huko huko. Wanaume wakaanza kuzungumzia palizi. Mimi nikanyoosha mkono.

Baba akasema hapana. Binti ashike spana, tena mjini, atalala kwa nani? Tangu hapo hatujasemezana. Hata salamu ya asubuhi ananinyima, na unajua kwetu kunyimana salamu ni jambo zito. Nimekasirika, Mama, nisikufiche. Wa mjini wametunyima fundi, na yeye ananinyima kuwa fundi. Usiku nimefunga nguo zangu na kuapa kwamba nitapanda hata bila ruhusa yake, halafu nikaogopa, maana ndiye mzazi niliyebaki naye.

Wameshaipandisha. Dereva anapiga honi. Nilikuwa nimeiweka kalamu chini, nimeichukua tena nikuambie hili: Baba amepita hapa bila kunitazama, amelitupa koti lake ndani ya lori, pembeni ya mashine. Amesema tu, "Kasulu kuna baridi," akaenda zake shambani.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi nitairudisha. Na wakiamua ibaki mjini, watanikuta nimeikalia.

Mwanao,
Stazia