Maji ya Ubao Mlangoni pa Bi. Zuhura

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naona kama nakusikia ukiniitikia marahaba kutoka huko Mikindani. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, nala na nalala, ila nina jambo.

Yule Mhispania ninayempimia nta ya nyuki karibu na bandari anarudi kwao mwezi ujao, na anataka nifuatane naye nikamfanyie kazi miaka miwili. Sharti lake nijue lugha yao. Basi kila alfajiri najifunza vile nilivyofunzwa chuoni kwa Kurani: naandika somo ubaoni kwa wino wa masizi, nalighani huku nikiyumba, likishanikaa kichwani naosha ubao na kuandika jingine. Juma hili nilikuwa kwenye maneno ya mambo ambayo bado hayajawa: iria, irias, iriamos, ningekwenda, ungekwenda, tungekwenda. Yananikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kosa langu ni kumwaga yale maji ovyo. Bi. Zuhura, mwenye nyumba, alikuwa akisikia maghani yasiyo ya Kiarabu wala Kiswahili, kisha akakuta maji meusi mlangoni pake. Akadhani nimemfanyia kombe la ubaya, nimeosha maandishi ya uchawi ili yamdhuru. Nilipotoka kuoga nikakuta wapangaji wote wamejaa uani na vyombo vyangu viko nje.

Nilimletea ubao, nikamsomea mstari kwa mstari na maana yake. Alisikiliza ameshika kiuno, mwishowe akacheka mpaka akakaa juu ya kinu. Akaniambia nirudishe vyombo ndani, na maji nikamwage kule kwenye mpapai. Nilipoinama kubeba mkeka wangu, akaniuliza:

"Na huko unakotaka kwenda, mama yako amekupa radhi?"

Niliubeba mkeka nikaingia ndani, mama. Miezi miwili naghani safari, na wewe sijakuandikia hata mstari. Kibaya zaidi, bwana wangu Mhispania aliponiuliza mwanzoni kama nyumbani wameafiki, nilimjibu wameafiki. Niliogopa atamchukua mwingine. Na wewe pia nilikuogopa, maana baba naye alikuaga kwa miaka miwili, na mpaka leo.

Sasa nakuuliza, kama nilivyopaswa kukuuliza tangu siku ya kwanza. Nataka kwenda, sikufichi. Lakini ikiwa moyo wako hautaki, niandikie neno moja tu, nami nitamwendea bwana nikamwambie kwamba nilisema uongo, kisha nirudi nyumbani.

Nisalimie dada Salma na wanawe, na mjomba Athumani fundi cherehani. Kanzu aliyonishonea bado naivaa Ijumaa. Msalimie sana mwalimu wangu wa chuo, anayekusomea barua hii. Mwambie pale pa uongo asiparuke.

Ubao nimeuosha na kuuegemeza ukutani. Sitaandika kitu juu yake mpaka nipate jibu lako.

Ni mimi mwanao,
Hamisi