Gari la Dizeli la Ami Jeilani

Abdulwahid, natangaza rasmi: mimi ni marehemu.

Ile tetesi niliyoitunga na kuitilia picha, kwamba linakuja kuuzwa gari jipya la dizeli, kubwa, la familia nzima? Ami Jeilani ameiamini. AMEIAMINI!

Leo kamwita mtu wa Matondoni awanunue punda wake wote, ili yeye anunue gari alilaze Mokowe, ng'ambo bara, maana hapa kisiwani halina pa kupita. Punda wanaotulisha sisi!

Mnunuzi keshashika kamba. Mkewe Ami, Bi Ummu, akasema, "Hebu niione tena picha ya hilo gari." Akaikuza. Akaikuza tena.

"Huyu kwenye kioo cha mlango, mwenye sweta ya shule, si Husni?"

Nikajitokeza mbele.

"Ami, ni mimi. Gari ni la mwalimu mkuu, nembo ya shule niliifunika kwa leso."

Ami akachukua kamba kwa mnunuzi, akanikabidhi mimi: kuanzia leo punda wote nawachunga mimi.