Chapa ya Mzee Mwandu

Rabia, nimetoka sasa hivi kwenye maonyesho ya Nyanzala, yule wetu wa chuo. Siamini alichotusimulia.

Mwaka 1996 alifanya maonyesho yake ya kwanza, kwao Mpanda. Alitundika ngozi sita za ng'ombe wa baba yake. Kila moja aliichoma chapa ya Mzee Mwandu, jirani yao. Chapa ya kwao aliiona haina mvuto!

Mwandu akaingia, akasimama.
"Mwanangu, hii ni chapa yangu."
"Ndiyo, baba. Ni sanaa."
"Na ng'ombe wangu sita waliopotea masika, nao ni sanaa?"

Sita, Rabia. Sita!

Ukumbi mzima ukamgeukia baba yake Nyanzala, aliyekuwepo pale. Nyanzala akaelewa: mzee wake angeitwa mwizi kwa sababu ya urembo.

Akamshikisha Mwandu ngozi. Mwandu akapapasa alama.
"Haina kovu la ng'ombe aliyechomwa akiwa hai. Imechomwa ngozi ikiwa kavu. Baba yako si mwizi."
Watu wakapumua.
"Lakini chenye chapa yangu ni changu."

Akazikunja zote, akazifunga kwenye baiskeli, akaenda zake.

Leo wasifu wa Nyanzala ukutani unasema: "Mpanda, 1996. Kazi zote zilipata mwenyewe siku ya ufunguzi."